RAV4 ya 3S-FE inatetemeka na kutema belti: balansa ya puli ya krenki inapangwaje?

Majengo_Moshi

Wakuu habari, na wakubwa shikamooni.

Gari ni RAV4 ya 1996, injini 3S-FE yenye distributa, gia otomatiki, iko hapa Moshi. Ikiwa sailensi (imewashwa bila kukanyaga mafuta) imetulia vizuri tu. Ukikanyaga mafuta, kati ya mizunguko 2,500 na 3,000 unakuja mtetemo kwenye usukani na sakafuni, hata gari likiwa limesimama kwenye N. Belti ya alternata inalia asubuhi, imelika ukingo mmoja, na imeshatoka kwenye puli. Plagi na waya zake ni mpya, mauntingi ya kulia imebadilishwa, hakuna tofauti.

Kuna jambo la pili. Fundi alipiga taa ya taiming (ya kupima cheche inapiga lini) akakuta digrii 18 badala ya 10, akarudisha distributa mpaka alama ikakaa kwenye 10. Tangu hapo kupanda Marangu ni kazi, gia inashuka yenyewe kila kona, na mafuta yanakwenda sana.

Ukichungulia puli ya krenki injini ikizunguka, inayumba. Ushauri niliopewa ni wa aina mbili: balansa (yaani puli hiyo) ichomelewe, au ifunguliwe ipangwe upya ikae kwenye alama. Naomba kujua inapangwaje, bolti inakazwa kiasi gani, na kama mtetemo unatoka hapo kweli.

---

KiiYaKrenki

Mkuu, kwenye balansa hiyo hakuna cha kupanga. Kitovu kina mfereji mmoja, ncha ya krenki ina kii moja (kipande kidogo cha chuma kinachoifunga puli isizunguke peke yake), na hivyo viwili vinaingiliana kwa namna moja tu. Kama alama haiko mahali pake, basi ama pete ya nje imeteleza juu ya mpira, ama kii na mfereji wake vimelika. Nadhani yako ni hiyo ya kwanza, ila usitoe hela kabla ya kupima.

Puli hiyo ni vipande vitatu. Ndani kuna kitovu cha chuma kinachokaa kwenye krenki, nje kuna pete nzito yenye njia za belti na alama ya taiming, katikati kuna mpira uliobanwa. Kila silinda ikiwaka, krenki inasukumwa kwa ghafla, inajisokota kidogo na kujirudisha. Kuna mizunguko ambayo misukumo hiyo inakutana na mtikisiko wa asili wa krenki yenyewe, na msokoto unazidi kukua. Pete kwa uzito wake inakataa kufuata haraka, mpira unavutwa huku na huku, na ile nguvu inaishia kuwa joto ndani ya mpira. Mpira unaishi kwa kuteswa hivyo, na oili ikiugusa unalainika na kuachia mapema. Kama puli yako ni ile ya kiwandani, mpira wake unakaribia miaka 30, na haijalishi gari limetembea kilomita chache.

Sasa hiyo 18. Belti zinaiburuza pete kurudi nyuma, kwa hiyo ikiteleza mara nyingi inachelewa nyuma ya krenki. Tuseme imechelewa digrii 8. Cheche inapopiga kwa usahihi digrii 10 kabla ya topu (pistoni ikiwa juu kabisa), alama bado ina digrii 18 za kusafiri mpaka kufika sifuri, na taa inakuonyesha 18. Fundi akiamini alama na kurudisha distributa digrii 8, cheche ya kweli inabaki digrii 2. Injini iliyocheleweshwa namna hiyo haigongi wala haipigi kelele. Inakosa nguvu tu, ekzosi inachemka, na tenki linaisha. Ndivyo ulivyoieleza safari ya Marangu.

Pete ingeteleza kwenda mbele, makosa yangekuwa kinyume: taa ingeonyesha pungufu, distributa ingesogezwa mbele, na injini ingegonga. Mlio huo wa kugonga unaweza usiusikie Arusha, karibu mita 1,400 ambako hewa ni nyepesi, ukaja kuusikia ukishuka Moshi, na Tanga ukawa mbaya kabisa.

Kupima, kazi yote ni kuitafuta topu ya kweli ya pistoni namba 1 bila kuitegemea alama ya puli. Toa plagi zote nne ili krenki izunguke kwa mkono, toa betri terminali hasi, shika bolti ya krenki kwa soketi ya 19. Ingiza kwenye tundu la plagi namba 1 kijiti cha shaba au plastiki ngumu, kirefu cha kutosha kisije kikadumbukia. Cha mbao kikivunjikia ndani umejitafutia kazi ya kufungua silinda hedi. Zungusha krenki mwelekeo wa saa tu, ukiitazama puli kwa mbele. Usirudishe nyuma: bolti inaweza kulegea na taiming belti haipendi.

Usijaribu kuibahatisha topu kwa macho pale kijiti kinapoacha kupanda. Juu kabisa pistoni karibu inasimama, digrii kadhaa zinapita bila kijiti kuonekana kikisogea. Fanya hivi. Kwanza jua kimo cha juu kabisa cha kijiti, kikwaruze alama usawa wa ukingo wa tundu. Weka alama ya pili milimita 20 juu ya hiyo. Zungusha mpaka pistoni iwe inapanda na ile alama ya pili ifike usawa wa ukingo, simama, chora mstari kwenye pete ya puli mkabala na sifuri ya kava ya taiming. Endelea mbele, pita topu, pistoni ianze kushuka, alama ya pili irudi usawa uleule, chora mstari mwingine. Pistoni ya 3S-FE ina mwendo wa milimita 86, kwa hiyo mistari hiyo itaachana karibu digrii 100. Katikati yake kabisa, ukipima kwa utepe wa fundi cherehani uliozungushwa kwenye pete, ndipo ilipo topu ya kweli. Alama ya kiwanda ikiwa hapo au ndani ya digrii moja, puli haijateleza. Ikiwa mbali, imeteleza.

Kubadili milimita kuwa digrii: zidisha kipenyo cha pete kwa 3.14, gawa kwa 360. Puli ya milimita 140 ina milimita 1.22 kwa kila digrii.

---

TaaYaTaiming

Kabla hamjafungua kitu, ulizeni swali moja: wakati taa inapigwa, TE1 na E1, zile pini mbili kwenye kiboksi cha daigonosi, zilikuwa zimeunganishwa kwa waya?

Zisipounganishwa, kompyuta inasogeza cheche yenyewe kadiri inavyoona inafaa, na 18 kwenye sailensi inaweza kuwa si ugonjwa wowote. Ile 10 ya 3S-FE ni ya injini iliyopata moto, AC imezimwa, TE1 na E1 zimeunganishwa. Nje ya masharti hayo unasoma namba isiyo na maana, halafu unazungusha distributa kwa sababu ya namba isiyo na maana. Gari nyingi za Toyota zenye injini za S na A zimeharibiwa nguvu hivi, balansa ikiwa nzima kabisa.

---

NgaramtoniGereji

Mimi nitasema tofauti kidogo na KiiYaKrenki. Pete ikiteleza, irudishe kwenye alama, choma pointi nne ndogo kati ya kitovu na pete. Haitelezi tena, belti haitoki. Spea mpya ni ghali na za mtumba zote ni za umri uleule. Gari za hivyo zipo barabarani zinatembea.

---

KiiYaKrenki

@NgaramtoniGereji kutembea zinatembea. Ila umeua kifaa, umebaki na puli nzito iliyoganda kwenye ncha ya krenki. Pointi zile zinafunga pete na kitovu pamoja, mpira haufanyi kazi tena, na msokoto wote unabaki ndani ya krenki. Tena umeongeza uzito usio na mpira mwishoni mwa shafti, na hilo linabadilisha mtikisiko wake wa asili ambao walioichora waliukwepa. Matokeo yake hayaji wiki hiyo. Bolti ya krenki inaanza kulegea, kii inapigwa, na kwenye injini yenye krenki ndefu ufa unaanza kwenye kona ya jonali (sehemu ya krenki inayokaa kwenye beringi). Joto la kuchomelea nalo linaivisha mpira uliobaki, na pointi nne za mkono hazilingani uzito wala hazivuti sawa, kwa hiyo pete inabaki imekaa upande.

Pete ya aluminiamu ya kukereza, au zile puli nyepesi za mashindano zinazouzwa mtandaoni, ziko kundi hilohilo. Kama kiwanda kiliweka mpira, weka yenye mpira.

La mtumba nakubaliana nawe nusu. Umri ni uleule, lakini hali hazifanani. Kagua mpira kwa kucha ya kidole gumba: ukibonyea na kurudi ni mzuri, ukiwa mgumu kama ukucha wenyewe au unamenyeka, rudisha. Tazama usawa wa kitovu na pete kwa nyuma na mbele, mpira usiwe umetokeza upande mmoja. Pitisha kidole ndani ya mfereji wa kii: kingo ziwe kali na zilizonyooka. Ukikuta kitovu kina alama ya nyundo, usiulize bei.

Na iwe ya injini ileile. Puli mbili zinaweza kuingia kwenye krenki moja na belti zikakaa, lakini uzito wa pete na ugumu wa mpira vimechaguliwa kwa krenki maalumu.

---

SakinaMtetemo

Nimsaidie upande wa mtetemo, maana hapo watu wengi wanaikosea balansa.

Kazi halisi ya balansa, yaani kupunguza msokoto wa krenki, dereva haihisi sana. Msokoto hauji sakafuni. Unapiga kelele kwenye gia za taiming na unachosha chuma. Kutetemeka kwenye sailensi, gari likitulia ukienda N, karibu kila mara ni mauntingi, plagi, nozeli au silinda isiyochoma. Injini ya silinda nne kwa mstari nayo ina mtikisiko wake wa juu na chini mara mbili kwa kila mzunguko, ambao balansa ya puli haiugusi kabisa. Ndiyo maana baadhi ya injini huwekewa shafti za kusawazisha ndani.

Dalili zako ni nyingine: sailensi safi, mtetemo unakuja na mizunguko, hata gari limesimama, na pete inaonekana ikiyumba. Hiyo ni pete iliyotoka kwenye kitovu chake. Fikiria pete ya kilo 2 iliyohama nusu milimita tu kutoka katikati. Kwenye mizunguko 3,000 inavuta krenki kwa nguvu ya karibu kilo 10, mara 50 kila sekunde. Kwenye mizunguko 750 nguvu hiyo inashuka mara 16, ndiyo maana sailensi huioni.

Ila hakikisha kwanza si vifaa vinavyoendeshwa na belti. Toa belti zote mbili za nje, washa, panda taratibu mpaka 3,000. Kwa 3S-FE pampu ya maji inaendeshwa na taiming belti, kwa hiyo dakika moja mbili bila belti za nje haina shida. Mtetemo ukiondoka, tafuta alternata, kompresa ya AC au pampu ya usukani. Ukibaki vilevile, ni puli, au nyuma huko kwenye bamba la meno na toki konvata (kiunganishi cha injini na giaboksi).

Usijaribu hili kwa dakika mbili kwenye Toyota IST: pampu ya maji ya injini yake, 1NZ, iko kwenye belti ya nje. Sekunde 30, zima.

---

Majengo_Moshi

Asanteni sana. Majibu haya hapa:

TE1 na E1 ziliunganishwa, fundi amethibitisha na taa ya injini ilikuwa inamweka.

Belti zimetolewa, mtetemo upo vilevile kwenye 2,700 hivi.

Kipimo cha kijiti: pete ina kipenyo cha milimita 140. Topu ya kweli ikiwa kwenye sifuri, alama ya kiwanda inakuwa haijafika, imebaki nyuma milimita 7. Pete ikisukumwa kwa mkono inaenda mbele na nyuma kama milimita moja na nusu. Nyuma ya puli kuna oili iliyochanganyika na vumbi.

Mbona ni digrii 6 hivi na si 8?

---

KiiYaKrenki

Milimita 7 gawa kwa 1.22 ni digrii 5.7. Kwa hiyo taa iliposema 18, cheche ilikuwa kwenye 12 na kitu: distributa ilikuwa imesogea mbele digrii 2 tangu awali, jambo la kawaida kwenye gari lililopita mikono mingi. Ilipowekwa "10", cheche ya kweli ikawa 4 na kitu. Upungufu wa digrii 6, na unausikia kila mlima.

Hilo la pete kucheza linamaliza mjadala. Puli hiyo inatoka. Usiendelee kulitembeza safari ndefu, pete ikiachia inapasua kava ya taiming na kuikata belti iliyo nyuma yake.

Na kwa kuwa kuna oili, kazi imekuwa kubwa kidogo. Sili ya mbele ya krenki iko nyuma ya gia ya taiming belti, ukutani kwenye pampu ya oili. Kuifikia lazima ufungue puli, kava, belti na gia. Ukifika hapo badilisha sili pamoja na taiming belti kama imekaribia kilomita 100,000 au hakuna anayejua historia yake. Kuweka balansa mpya juu ya sili inayovuja ni kuupeleka mpira mpya kwenye oili.

Kufungua. Jeki, kisha stendi chini ya fremu, siyo mawe. Toa tairi la mbele kulia na kava ya plastiki iliyo ndani ya matao. Legeza belti puli ikiwa bado imefungwa. Otomatiki huwezi kuizuia krenki kwa gia, na ile mbinu ya kuegemeza spana chini na kugusa stata imeshavunja watu vidole na kuvunja kona za bloku. Tengeneza kishikio: chuma bapa cha nusu mita, toboa matundu mawili yalingane na matundu yenye nyuzi kwenye kitovu cha puli, kwenye Toyota nyingi ni M8. Funga, acha chuma kiegemee chini, legeza bolti. Bunduki ya upepo inaruhusiwa kufungulia, si kukazia.

Kitovu kikikataa kutoka, vuta kwa pula inayoshika matundu hayohayo mawili. Pula ya miguu inayokamata pete ya nje inavuta mpira, na hata kama puli ilikuwa nzima inatoka imekufa.

Sasa tazama kii. Ichomoe kwa koleo, iweke tena kwenye mfereji wa krenki: isicheze kushoto wala kulia. Ikicheza na kii yenyewe ndiyo imelika, nunua kii. Ikicheza na kii mpya bado, mfereji wa krenki umepanuka, na hapo gia ya taiming nayo haikai palepale. Hiyo ni kazi ya mashine, kuna karakana Unga Limited, Arusha, zinazoweza kuchonga mfereji upya. Kujaza risasi au kipande cha kopo la soda kati ya kii na mfereji kunadumu mpaka ukanyage mafuta.

---

SpanaYaToki

Kukaza. Bolti ya krenki ya 3S-FE ni Nm 108. Nyuzi ziwe safi, tone la oili kwenye nyuzi na chini ya kichwa cha bolti, basi. Ukipaka grisi nyingi bolti inavutika kuliko namba inavyosema.

Puli ya Toyota hii inaingia kwa kusukuma na kugonga kidogo kwa kiganja. Isipoingia, kuna kutu, kidonda kwenye mfereji, au kii imeinuka upande mmoja. Toa, safisha kwa msasa laini, rudia. Usiichape nyundo: pigo linafika kwenye beringi ya kuzuia krenki isitembee mbele na nyuma, na mpira unaachia kabla gari halijawaka. Wala usiipashe kwa moto wa gesi. Usiivute pia kwa bolti ikiwa bado imebaki nusu nje, nyuzi za krenki zikiisha huna pa kurudi.

Asiye na spana ya toki (inayopima mkazo) afanye hesabu. Nm 108 ni kilo 11 kwenye mkono wa mita moja. Chukua bomba, pima mita moja kutoka katikati ya bolti, funga mizani ya ndoana ile ya kupimia nyama au kahawa, vuta kwa pembe mraba mpaka isome 11. Uzito wa bomba lenyewe usiingie kwenye hesabu: liweke wima au lishikiliwe, na uvute kwa ulalo. Siyo sahihi kama spana ya toki lakini inashinda "kaza mpaka mkono uchoke". Bolti ikiwa legevu, kitovu kinacheza juu ya kii na ndani ya miezi unakuwa na mfereji uliopanuka. Huo ndio uharibifu mbaya kuliko yote hapa, kwa sababu hauishii kwenye puli.

Baada ya kukaza chora mstari mmoja wa tipeksi au rangi nyeupe kutoka kwenye kitovu, upite juu ya mpira, ufike kwenye pete. Kila ukibadilisha oili utazame. Mstari ukikatika, pete imeanza kutembea, na umejua kabla ya belti kukuambia.

---

SakinaMtetemo

Usisahau belti. Ile iliyolika ukingo mmoja usiirudishe, itafuata njia yake ya zamani. Puli mpya ikishafungwa, weka rula ya chuma iliyonyooka ukutani mwa puli ya krenki ielekee alternata. Iguse pande zote mbili bila mwanga kupita. Kama alternata imekaa nje au ndani, tazama bushi ya bolti yake ndefu ya chini, mara nyingi ndiyo imeisha na alternata imeinama. Kisha belti ya usukani hivyohivyo. Mkazo wa kupita kiasi unaua beringi za alternata na unazidi kuiburuza pete. Belti ikilia baada ya haya yote, tafuta oili au maji juu yake badala ya kuongeza mkazo.

---

NgaramtoniGereji

Nimeelewa hoja ya kii. Swali la pembeni: hizi Land Cruiser za 1HZ za kubeba watalii, balansa zake zinaonekana ngumu kuharibika. Sheria ni ileile?

---

KiiYaKrenki

Ni ileile na adhabu ni kubwa zaidi. Silinda sita kwa mstari, krenki ndefu, msukumo wa dizeli: msokoto wake hauna mfano kwenye silinda nne. Hapo kuchomelea ni kuomba krenki ikatike. Mkazo wa bolti yake unazidi mara tatu wa RAV4, kwa hiyo bomba na mizani ya nyama havitoshi. Tafuta spana ya toki kubwa na namba ya kitabu cha injini hiyo. Bolti iliyokazwa kwa kukisia ndiyo chanzo cha krenki nyingi za 1HZ zenye ncha iliyolika. Gari likirudi kutoka Serengeti, mbali na kusafisha vumbi, tazama kama kuna unga mwekundu wa kutu unaotoka kati ya kitovu na krenki. Huo ni chuma kinasuguana, bolti imeanza kuachia.

---

Kijenge_IST

Na sisi wa IST tunaotumia cheni? Puli yangu imepasuka mpira ila taiming iko sawa.

---

TaaYaTaiming

Kwenye 1NZ-FE sensa ya krenki inasoma bamba la meno lililo kwenye krenki yenyewe, siyo pete ya puli. Pete inaweza kuteleza digrii 30 na cheche isibadilike hata kidogo, kwa hiyo kompyuta haitakuambia kitu. Hatari inakuja siku ya kubadilisha cheni: fundi akiweka topu kwa alama ya puli iliyoteleza, anafunga kamshafti nje ya mahali pake. Afuate alama za gia na viungo vya rangi vya cheni, puli aiache. Bolti ni Nm 128, yaani kilo 13 kwa mita moja. Na mpira uliopasuka ubadilishwe, pampu ya maji inategemea belti ileile.

---

SpanaYaToki

@Majengo_Moshi kitu cha mwisho kabla hujafunga boneti: distributa yako sasa iko digrii 6 nyuma, na puli mpya itakuonyesha ukweli huo. Pasha injini moto, zima AC na taa, unganisha TE1 na E1, piga taa kwenye waya wa plagi namba 1, sogeza distributa mpaka 10, kaza bolti zake, piga taa tena kwa sababu huwa inahama wakati wa kukaza. Toa ule waya. Ukiusahau hapo, kompyuta haitasogeza cheche inavyotakiwa, na Marangu utaendelea kupanda na gia ya pili.

---

Majengo_Moshi

Sawa wakuu. Puli, sili na kii nimeshaagiza, taiming belti haina historia kwa hiyo nayo inabadilishwa. Kipimo cha kijiti nitakirudia puli mpya ikikaa, nione kama alama yake iko kwenye topu.

---

TaaYaTaiming

Kirudie, hasa kama ni ya mtumba. Ikikosea zaidi ya digrii moja, irudishe dukani siku hiyohiyo kabla haijapata oili.